Pakia! Safari Ni Leo

Ndugu yangu, unajua!

Unajua kwamba shahada ya kwanza haikuwa mwisho wa safari yako. Unajua kwamba kile kitabu cha mazoezi ulichokipakua kwenye simu hujakifungua. Unajua kwamba mwaka jana ulisema "mwakani", na mwakani wenyewe ndio huu, nao unayoyoma!

Sikuja kukufundisha usilolijua. Nimekuja kukuamsha!

Wewe mwalimu wa shule ya kata kule Kaliua. Wewe muuguzi unayetoka zamu ya usiku hospitali ya Kitete. Wewe bwana shamba unayezunguka na pikipiki katika mashamba ya tumbaku Urambo. Wewe mhitimu uliyefungua kibanda cha kutoa na kuweka pesa Nzega huku ukingoja ajira. Nasema nawe! Usigeuke kutazama anayeitwa ni nani. Unaitwa wewe.

Ulisema utasoma uzamili. Ulimwambia mama yako. Uliwaambia wenzako siku ya mahafali, joho likiwa bado mwilini. Ukataja hata nchi, ukataja hata chuo. Na ulijua tangu siku ile kwamba mlangoni pa vyuo vingi vya ng'ambo kuna mtihani wa kuingilia: GRE kwa masomo mengi ya uzamili na uzamivu, GMAT kwa wanaokwenda kusomea biashara, IELTS au TOEFL kwa Kiingereza.

Ulijua. Uliahidi. Ukakaa!

Simama kidogo utazame mahali ulipo. Uko Tabora! Uko mahali ambapo misafara ilikwama!

Katika karne ya 19, aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alikuwa na kilomita 1,200 hivi za kutembea. Alipanda milima ya Usagara. Alivuka Ugogo akilipa hongo kwa mtemi baada ya mtemi. Aliingia Mgunda Mkali, ile nyika ya kiu iliyoogopwa na wapagazi wote. Kisha, miguu ikiwa imevimba na midomo imekauka, akatokeza Unyanyembe, hapa Tabora. Akaona matembe yenye baraza pana. Akaona mchele, maziwa na asali. Akaona kivuli. Akatua mzigo, akakaa.

Hapa ndipo wapagazi wengi wa pwani walipolipwa na kutawanyika. Msafiri akabaki na shehena bila mabega ya kuibeba. Wasafiri Richard Burton na John Speke waliingia hapa Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, wakaja kuondoka katikati ya Desemba. Henry Stanley alifika Juni 1871 akiwa na haraka ya kufika Ujiji, akaingia katika vita vya Waarabu na mtemi Mirambo, akaondoka Septemba. David Livingstone alikaa hapa jirani, Kwihara, kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingoja watu kutoka pwani.

Na hao ndio walioondoka! Wapo wafanyabiashara waliokuja kwa biashara ya msimu, wakajenga, wakapanda miembe, wakakaa miaka na miaka.

Sikia, ndugu yangu. Hatari kubwa ya njia ile haikuwa Mgunda Mkali! Nyikani hakuna anayetamani kubaki. Kiu yenyewe humsukuma mtu asonge mbele. Hatari kubwa ilikuwa kituo chenye maji, chakula na kivuli.

Nawe uko kituoni! Una shahada moja. Una mshahara unaofika nusu ya mwezi. Una jina: watu wanakuita mwalimu, wanakuita daktari, wanakuita bosi. Ulipokuwa na njaa ya chuo, ulisoma kwa kibatari. Ulipokuwa huna kitu, ulikimbia. Sasa umepata kidogo, na hicho kidogo kimekufunga miguu!

Sisemi kila mtu wa Tabora aondoke. Anayefundisha Sikonge kwa moyo wote na hana deni la ahadi, Mungu ambariki, na abaki na wanafunzi wake. Nasema na wewe uliyeahidi. Nasema na wewe ambaye kila ukisikia mwenzako amepata ufadhili, chakula kinakukwama kooni. Hilo linalokukwama ndilo ninalolihubiri leo!

Najua unachojibu. Unasema: "Nikipata nafasi." Nafasi gani? Jumamosi nzima umekaa kijiweni ukijadili mkeka wa mechi ambazo hazikuhusu!

Unasema: "Nikipata hela." Ni kweli, ada ya GRE inazidi dola 200 za Marekani, na hiyo si pesa ya kuokota. Lakini kusoma kunakugharimu nini leo? ETS, wanaoutunga mtihani huo, wanatoa bure majaribio mawili kamili ya POWERPREP kwenye mtandao. Masomo ya hesabu ya Khan Academy ni bure. Bando unalolimaliza kwa video za vichekesho lingetosha! Umeifanya ada ya siku ya mwisho kuwa kisingizio cha kutoanza siku ya kwanza.

Unasema: "Hesabu ilinishinda tangu kidato cha nne." Sikia habari njema! Hesabu ya GRE haivuki kiwango cha sekondari. Ni namba, asilimia na uwiano. Ni aljebra. Ni jiometri ya pembetatu na duara. Ni kusoma majedwali na grafu. Hakuna kalkulasi, na kikokotoo unapewa kwenye skrini. Ulichokikimbia ukiwa na miaka 16, mbele ya mwalimu mwenye fimbo na darasa la watu 80, unaweza kukikabili leo ukiwa mtu mzima, kwa utulivu, ukurasa mmoja baada ya mwingine!

Unasema: "Siku hizi vyuo vingine vimeuondoa mtihani huo." Ni kweli, vimeuondoa. Je, umekwenda kuangalia kama chuo chako ni mojawapo? Umesoma masharti ya idara unayoitaka? Umeandika orodha? Hukuangalia! Umeshika habari ya nusu ukaifanya mto wa kulalia.

Na unasema lile neno baya kuliko yote: "Bado mapema."

Bado mapema! Neno hili limezika elimu za watu kuliko umaskini!

Hebu tuutazame mtihani wenyewe, usiutishie moyo wako kwa giza. Njia inayojulikana haiogopeshi kama njia ya kusikia.

Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa. Sasa inachukua saa 1 na dakika 58. Kwanza unaandika insha moja kwa dakika 30. Kisha lugha: maswali 27 kwa dakika 41. Na kuna hesabu: maswali 27 kwa dakika 47. Lugha na hesabu kila moja hupimwa kuanzia alama 130 hadi 170. Hesabu na lugha zimegawanywa sehemu mbilimbili, na namna unavyofanya sehemu ya kwanza ndiyo inayoamua ugumu wa ile ya pili.

Umesikia? Mwanzo ndio unaoamua! Mtihani wenyewe unakuhubiria!

Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21. Piga hesabu: hupati hata dakika mbili kwa swali. Sehemu ya kwanza ya lugha ina maswali 12 kwa dakika 18: dakika moja na nusu kwa swali, na ndani yake kuna kifungu cha kusoma, maneno ya Kiingereza ambayo hujawahi kuyatamka, na majibu mawili yanayofanana kama mapacha. Hapa mtu hawezi kukremu! Chuoni ulipiga msuli usiku mmoja kabla ya mtihani ukapenya. Huku hakuna kupenya kwa msuli wa usiku mmoja. Kasi haikaririwi. Kasi hujengwa, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mkono uende wenyewe.

Anayekwenda kwenye GMAT naye asijidanganye: maswali 64, saa 2 na robo, sehemu tatu za dakika 45. Muda ni uleule mdogo, na uzembe huadhibiwa vilevile.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo linalokuondolea udhuru wote. Matokeo ya GRE hudumu miaka mitano! Miaka mitano, ndugu yangu! Huhitaji kuwa na chuo mkononi ndipo uanze. Huhitaji kuwa na ufadhili ndipo uanze. Huhitaji ruhusa ya mwajiri ndipo ufungue kitabu usiku nyumbani kwako. Ukiufanya mwaka huu, alama zako zitakungoja mpaka mlango wako ufunguke. Unangoja nini?

Na ukianza mapema, kuanguka hakukuui. Mtihani unaweza kurudiwa baada ya siku 21, hadi mara tano katika miezi 12. Lakini huruma hiyo ni ya nani? Ni ya aliyeanza mapema! Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu Desemba au mapema Januari. Anayefanya mtihani Julai akiteleza, ana Agosti, ana Septemba, ana Oktoba. Anayeufanya mwisho wa Novemba akiteleza, ana nini? Ana mwakani! Ana tena lile neno lililomlaza!

Wanyamwezi walilijua jambo hili kabla ya kalenda ya ukutani kufika huku. Mpagazi alibeba mabegani takriban kilo 30 za pembe au nguo, akaenda pwani wakati wa kiangazi, na hesabu yake ilikuwa arudi awahi mvua za kulimia. Aliyechelewa kuondoka aliikuta mito imefurika na shamba lake limemea magugu. Hakumlaumu mtemi. Hakuilaumu mvua. Alijua msimu haumngoji mtu!

Kabla jua halijatoka, kambi ya msafara iliamshwa kwa kelele: pakia! safari! safari leo! Kirangozi akabeba bendera akatangulia. Aliyebaki akijinyoosha kwenye mkeka aliachwa na msafara, na kuachwa porini peke yako kulikuwa kufa.

Kuna wengine waliopita njia hii, nao tuwataje kwa uchungu. Walipita wakiwa na minyororo shingoni, wakitoka Manyema na nchi za mbali, wakisukumwa kuelekea pwani na masoko ya Zanzibar. Hao hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Hawakuchagua siku, hawakuchagua njia, hawakuchagua mwisho. Wewe unaulizwa! Wewe unachagua! Na mtu mwenye hiari ambaye haitumii hiari yake, amejifunga mnyororo kwa mkono wake mwenyewe!

Usidhani ninakutisha bure. Kumbuka Oktoba 2022! Nchi nzima ilishtuka matokeo ya Law School of Tanzania yalipotoka, pale ambapo wahitimu wa sheria hupita kabla ya kuwa mawakili. Walikuwa wanafunzi 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342. Waliokatishwa masomo walikuwa 265.

Wote walikuwa na shahada! Wote walivaa joho! Wote walipigiwa vigelegele na shangazi zao!

Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kutafuta chanzo. Watu wakabishana redioni na vijiweni: kosa ni la vyuo, la mitaala, la lugha, la mfumo. Mjadala ule ulikuwa wa haki, na wakubwa wana la kujibu. Lakini wewe uliye Uyui usiku huu, unaweza kubadilisha mfumo kabla ya Desemba? Huwezi. Unaweza kubadilisha saa mbili zako za usiku? Unaweza! Basi shika lililo mkononi mwako. Shahada ya jana si maandalizi ya mtihani wa kesho!

Na kuna mitego mingine inayongoja, midogo, isiyo na sauti, inayowanasa waliochelewa.

Jina lako! Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, cheti cha kuzaliwa kina herufi iliyokosewa. Siku ya mtihani, jina la kitambulisho lisipolingana na ulilojiandikishia, unarudishwa mlangoni na ada yako inapotea. Kurekebisha majina si kazi ya siku moja. Kunahitaji kiapo, kunahitaji foleni, kunahitaji subira. Aliyeanza mapema husahihisha, aliyechelewa hulia!

Pasipoti yako! Unayo? Inaisha lini? Transkripti yako! Iko wapi? Umeomba chuo kikutumie? Barua za mapendekezo! Mhadhiri aliyekufundisha bado anakukumbuka, au umengoja mpaka astaafu? Na alama za IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo panga mtihani huo wa Kiingereza uje baada ya GRE, usiwahi sana wala usichelewe.

Umeme nao, unaijua tabia yake. GRE inaweza kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, lakini inataka intaneti isiyokatika na chumba kisichoingiliwa na mtu. Kama mtaa wako hauna uhakika huo, panga kwenda kituo cha mtihani, weka nauli ya treni kando, fika siku moja kabla. Nauli ya kuweka kidogo kidogo hupatikana. Nauli ya ghafla hukopwa kwa riba!

Sasa nakusimulia lililotokea hapa hapa, Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini.

Mei 1873 Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua. Wakaufunga katika gome la mti, wakaubeba mabegani, nia yao waufikishe pwani, urudi kwao Livingstone.

Oktoba wakafika Kwihara. Walikuwa wamedhoofu. Wenzao walikuwa wamekufia njiani. Mbele yao kulikuwa na Mgunda Mkali, Ugogo, hongo, na mamia ya kilomita. Hapo wakamkuta afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Luteni Verney Lovett Cameron. Akawashauri wamzike hapo hapo Unyanyembe.

Ushauri wenye akili! Ushauri wa huruma! Ushauri wa mtu mwenye cheo! Wangeufuata, nani angewalaumu? Ardhi ilikuwepo. Marehemu mwenyewe alikuwa ameishi hapo miezi sita. Wangetua mzigo kwa heshima wakalala.

Walikataa!

Walikataa kuumalizia mwendo kituoni. Februari 1874 wakatokeza Bagamoyo, na Aprili mwaka huo mwili ukazikwa Westminster Abbey, London. Hawakuwa na shahada, hawakuwa na cheo. Walikuwa na neno walilolisema, wakalitimiza.

Ndugu yangu, adui yako hatakuja na panga. Atakuja na ushauri wenye akili! Mwenzako kazini atakuambia: "Una kazi, tulia." Mjomba atakuambia: "Jenga kwanza." Moyo wako utakuambia: "Umri umekwenda." Maneno yote matatu yana sura ya busara. Yote matatu yanakuambia: zika hapa!

Kataa!

Tazama na mwingine. Mwaka 1937 kijana wa Kizanaki aliingia shule ya serikali hapa Tabora. Akatoka 1942, akaenda Makerere, kisha akarudi Tabora kufundisha St. Mary's. Alikuwa na kazi ya heshima wakati ambapo Waafrika wenye kazi kama hiyo walikuwa wachache mno. Alikuwa na mchumba, Maria Gabriel, ambaye alimwoa baadaye, Januari 1953. Alikuwa na kila sababu ya kukaa kivulini. Lakini mwaka 1949 Julius Nyerere aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na 1952 akahitimu M.A.

Unayajua yaliyofuata. Watoto wote wa nchi hii wanayajua. Sasa jiulize: angesema "bado mapema"? Angesema "nina kazi tayari"? Angesema "mwakani"?

Usinijibu kwamba yeye alikuwa Nyerere. Mwaka 1948 alikuwa mwalimu wa Tabora, kama wewe!

Najua mzigo wako si mwepesi. Dada yangu, najua unatoka kazini unakuta mtoto ana homa, sufuria iko jikoni na mume anauliza maji ya kuoga. Kaka yangu, najua una wadogo watatu wanaokutazama wewe kwa ada, na makato ya Bodi ya Mikopo yanaonekana kila mwezi kwenye hati yako ya mshahara. Siyapuuzi hata kidogo. Kilo 30 ni kilo 30!

Lakini mpagazi hakungoja mzigo upungue ndipo aondoke. Aliugawa mwendo! Alitembea saa za alfajiri kabla jua halijawa kali, akapiga kambi, akalala, akaamka tena. Nawe ugawe. Saa moja kabla watoto hawajaamka. Nusu saa wakati wa mapumziko. Saa moja wakiisha kulala. Dada, mwambie mume wako waziwazi: saa hii ni yangu. Kaka, waambie wa kijiweni waziwazi: sitakuwepo. Anayekupenda atakulindia saa hiyo. Asiyekulindia, ilinde mwenyewe!

Basi usiku huu, kabla hujalala, anza mambo matatu.

Jipime! Fanya jaribio moja kamili, kwa saa, bila kupumzika, bila kutazama majibu. Utaaibika. Aibika leo, chumbani kwako, ambapo aibu ni bure! Alama hiyo ya kwanza ndiyo itakayokuonyesha unakokwenda na umbali uliobaki.

Pokea makosa yako! Nunua daftari moja. Kila swali ulilokosa, liandike kwa mkono, andika kwa nini ulikosa, lifanye upya baada ya wiki. Watu wengi hurudia maswali wanayoyaweza kwa sababu yanawafurahisha. Wewe kaa na yale yanayokuumiza. Soma makala moja ya Kiingereza kila siku, ndefu, ngumu, na useme kwa sauti mwandishi anadai nini. Andika insha moja kila wiki kwa dakika 30, usizidishe hata moja. Na kwenye GRE hakuna adhabu ya jibu baya, kwa hiyo jizoeze kutoacha swali tupu!

Chagua tarehe! Usiseme "mwishoni mwa mwaka". Hiyo si tarehe. Taja mwezi, taja siku, iandike ukutani mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Tarehe isiyoandikwa ni ndoto. Tarehe iliyoandikwa ni amri!

Na usiende peke yako. Hakuna aliyevuka Mgunda Mkali peke yake akiwa na akili timamu. Tafuta wawili, watatu. Hapa Tabora kuna wahitimu wa chuo cha AMUCTA, kuna wahitimu wa Chuo Kikuu Huria, kuna walimu wenzako waliosoma Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Kutaneni kila Jumapili mchana baada ya ibada. Pimaneni kwa saa. Aoneshe mwenye hesabu, aoneshe mwenye lugha. Na mmoja akianza kusema "mwakani", wawili wamshike mkono!

Zamani njia ziligawanyika hapa. Moja ilikwenda kaskazini, Karagwe hadi Buganda. Moja ilikwenda magharibi, Uvinza hadi Ujiji. Moja ilikwenda kusini-magharibi, Ufipa hadi Katanga, ambako Msiri aliyetoka huku alikwenda kujenga dola yake. Nawe mbele yako njia zimegawanyika, na zote ziko wazi leo. Hazitakuwa wazi daima! Ufadhili mwingine una ukomo wa umri. Mwingine unataka mhitimu wa miaka ya karibuni. Kila mwaka unaokaa, lango moja linafungwa nyuma yako bila kelele, nawe hutajua mpaka utakapolisukuma.

Miaka kumi kutoka leo utakuwa na miaka kumi zaidi, uwe umefanya mtihani au hukuufanya. Umri hautakusamehe kwa sababu hukujaribu!

Huna haja ya kuambiwa tena. Unajua mtihani una nini. Unajua unachukua muda gani. Unajua milango inafungwa lini. Umebaki na jambo moja tu, nalo ni kuamua, na anayeahirisha ameshaamua kubaki.

Zima hiyo simu, au itumie kufungua zoezi la kwanza. Andika tarehe yako ukutani. Kesho alfajiri, kabla ya adhana na kabla ya kengele, uwe umeshafanya maswali 12 kwa dakika 21. Na ukiufaulu mtihani, ukasoma ukamaliza, rudi ufundishe wa nyuma yako. Anza sasa!